Mpaka wa Kiwanja Uchorwe Mwisho

Fungueni Yoshua sura ya 18. Makabila saba ya Israeli yamekusanyika Shilo na hayajapata urithi wao. Yoshua anawauliza watalegea hata lini kuimiliki nchi. Nchi iko mbele ya macho yao, na hakuna mkuu wa ukoo anayejua bado sehemu yake inaanzia wapi na inakomea wapi. Yoshua angeweza kulimaliza jambo hilo siku ileile kwa kamba na vigingi. Hakufanya hivyo. Alitaka watu watatu kutoka kila kabila, akawatuma waende wakaitembee nchi, waiandike, kisha wamrudie. Watu 21 wakashika njia kwa miguu. Waliporudi na maandishi yao, ndipo kura zikapigwa mbele za Bwana na kila kabila likapewa lake.

Walitembea kwanza, wakaandika, na kugawanya kukaja mwisho. Wapendwa, nawasihi muushike mpangilio huo, maana sisi tumeupindua juu chini, na nchi yetu inaumia.

Sisi tunaanza na greda.

Chukueni shamba lolote la ekari 10 pembezoni mwa Dar es Salaam, kati ya Goba na Madale, au kule Chanika, au ng'ambo ya Kigamboni. Juu kuna mikorosho na miembe ya mzee aliyeuza. Katikati kuna mteremko wenye vichaka. Chini kuna korongo lenye miti ya asili, na korongo linamwaga kwenye kibonde cha majimaji ambako kina mama wamelima mchicha na matembele tangu kabla ya lami kufika. Jumatatu greda linashushwa kutoka kwenye lori. Jumatano kila chenye mizizi kimeng'olewa na kinachomwa. Ijumaa vijana wanavuta kamba ya manila, hatua 20 kwa 20, mmoja anapiga vigingi, mwingine anapaka namba kwa rangi nyekundu. Jumapili, saa ambayo sisi tunaimba ibadani, Coaster ya wateja inafika, dalali anashuka na makaratasi yake, na korongo lote limekwisha kuwa viwanja vya bei nafuu.

Niliinama kwenye kigingi kimoja cha namna hiyo nikakishika kwa mkono. Kilikuwa kimepigwa katikati ya chemchemi. Maji yalikuwa yakichuruzika kando yake, masafi, ya baridi, yakikizunguka kile kijiti na kwenda zake chini kwenye matete. Kwenye mchoro mahali pale palikuwa na namba ya kiwanja na maneno mawili: matumizi, makazi. Hapakuwa na alama yoyote ya maji. Aliyechora alikuwa hajapakanyaga, au alipakanyaga akaona ni bora asione. Mama mmoja jirani aliniambia kwamba yeye na mama yake waliteka hapo. Malori ya kifusi yalikuwa yamekwisha kulipiwa.

Hebu niwaulize ninyi mnaomkiri Mungu kuwa Muumba: chemchemi ile ilimkosea nani?

Fanyeni hesabu pamoja nami, maana dhambi hii ina hesabu zake. Mvua ya milimita 50, mvua nzito ya usiku mmoja wa masika, ikinyesha juu ya ekari moja inaleta lita zaidi ya 200,000 za maji. Hayo ni maboza 20 ya lita 10,000, kwa ekari moja tu. Kwa shamba letu la ekari 10 ni maboza 200. Ardhi ilipokuwa na miti yake, tone lilianguka kwenye jani kabla ya kugusa udongo, likateleza kwenye tawi, likadondoka juu ya majani makavu yanayonyonya, likaingia ardhini kwa njia zilizofunguliwa na mizizi, na minyoo, na mchwa. Kilichozidi kilishuka taratibu mpaka kwenye kibonde, na kibonde kikakikalia kwa majuma, kikikitoa kidogo kidogo. Sasa wekeni mabati juu ya ekari hizo 10, wekeni saruji na pevingi uani, ukuta huku na ukuta huku. Maboza yale 200 bado yanakuja, Mungu hajayapunguza, lakini yanaondoka kwa pamoja ndani ya saa chache, na yote yanaelekea kwa jirani wa chini.

Kiangazi nacho kinakuja na deni lake. Maji ambayo hayakuzama mwezi wa Aprili hayawezi kupanda kwenye kisima mwezi wa Septemba. Watu wa ukanda wa pwani wanajua maji ya kisima yanapoanza kuwa na ladha ya chumvi, kwa sababu maji baridi ya ardhini yamepungua na bahari inasukuma kuingia. Tunafukia chemchemi, kisha tunachimba visima virefu kuitafuta ileile tuliyoifukia.

Na barabara! Tazameni barabara za mitaa yetu mipya ya milimani. Mchoraji ameziangusha toka juu mpaka chini kwa rula, kwa kuwa mistari iliyonyooka inatoa viwanja vya pembe nne vinavyouzika haraka. Masika ya kwanza barabara inakuwa mfereji. Masika ya pili ni korongo. Baada ya hapo mgonjwa anabebwa kwa kitanda kwa sababu gari halipandi, na wakazi wanachangishana fedha za makalavati na mawe mwaka hadi mwaka. Barabara ingechorwa ikatize mteremko, ifuate umbo la kilima, ingekuwa ndefu kidogo na ingedumu. Aliyeuza viwanja hayupo tena kuona hayo. Amehamia shamba jingine na greda lilelile.

Mnakumbuka Desemba 2011. Tarehe 9 tulisherehekea miaka 50 ya Uhuru. Siku 11 baadaye mvua ilishuka juu ya Dar es Salaam, na kabla haijaisha watu zaidi ya 40 walikuwa wamekufa na maelfu hawana pa kulala. Wengi wa walionusurika mabondeni walipelekwa Mabwepande kuanza maisha upya kwenye mahema. Siku zile nilisikia neno moja likirudiwa na watu wenye heshima zao, hata kwenye mimbari: walijitakia, nani aliwaambia wajenge bondeni? Neno hilo lilinichoma na bado linanichoma. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu huko Kisarawe, unatembea kilomita kama 35 mpaka baharini pale Salenda. Maji yaliyomwua mtu wa Jangwani, chini bondeni, hayakuzaliwa Jangwani. Yalitoka juu, kwenye vilima tulivyovivua nguo, kwenye vijito vya Kinyerezi na Kimara tulivyovibana kwa kuta, kwenye nyua za nyumba nzuri zilizosakafiwa zote kwa sababu mwenye nyumba hapendi matope. Sisi wa juu tuliwapelekea wa chini mafuriko, kisha tukawahubiria kuhusu utii wa sheria.

Leo taifa linakopa ili kumrudishia mto nafasi yake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilohilo la Msimbazi. Watu wamelipwa waondoke, nyumba zimebomolewa, ili bonde lirudi kuwa bonde. Naunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini nataka kila mwenye shamba huko Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo na Kisarawe aelewe kinachotokea hapo: ule ukanda wa majani ambao ungeachwa bure siku ya kupima, sasa unanunuliwa kwa mabilioni na machozi. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu takriban milioni 2.5 mwaka 2002. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Watu hao wanahitaji mahali pa kuishi, nao watapata. Mashamba yanayowazunguka yanakatwa sasa hivi, mwaka huu. Kila wiki mahali fulani mpimaji anafungua vyombo vyake, na jambo linaloamuliwa siku hiyo wajukuu zetu hawataweza kulibadili bila tingatinga la kubomoa.

Msiseme sheria haipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, imezitaja ardhi hatarishi kwa majina: vinamasi vya mikoko, ardhi oevu, eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, miteremko mikali. Miaka mitano baadaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ikazirudia mita hizo 60, ikakataza shughuli za kudumu kando ya bahari, ziwa, mto na bwawa. Mita 60 ni hatua ambazo mtoto wa darasa la pili anaweza kuzihesabu. Tunazikwepa kwa maneno. Huo si mto, ni mfereji wa mvua. Huo ni mto wa msimu. Hapo palikuwa pamekauka tulipokuja. Mwingine anasubiri jua la Januari, anamwaga kifusi lori baada ya lori, na kijito kikishapotea anamwita mpimaji aje aone kwamba hakuna kijito. Maji hufuata mkondo, walisema wazee, na mkondo hauulizi hati ni ya nani.

Lakini nawaambia zaidi ya hilo. Sheria imeweka sakafu, haijaweka dari. Haikutaja kila mti wala kila kichaka cha korongo, wala haikuitaja ile chemchemi ndogo isiyo na jina. Mkristo anayesubiri kukatazwa ndipo aache, huyo hajamjua Bwana wa nchi. Katika Mambo ya Walawi 25 Mungu anasema wazi kwamba nchi ni yake na sisi ni wageni na wapangaji kwake. Mpangaji hachomi milango ya nyumba aliyopangishwa.

Najua linalosemwa rohoni. Mchungaji, ardhi ni fedha. Nikiacha korongo nimepoteza viwanja, nikipoteza viwanja watoto hawaendi shule. Hoja hiyo ni nzito na siidharau, kwa hiyo naijibu kwa tarakimu. Ekari 10 ni mita za mraba 40,000 na kidogo. Toa asilimia 30 ya barabara na njia, unabaki na 28,000. Kwa viwanja vya mita za mraba 400 umepata viwanja 70. Sasa acha robo ya shamba, yaani korongo lote, kibonde, chemchemi na ule mteremko mkali. Unabaki na 30,000. Barabara zinapungua, maana huzipeleki tena bondeni, basi toa robo tu. Zinabaki 22,500, na hizo ni viwanja 70 vya mita za mraba 320. Idadi ni ileile, 70! Kila mnunuzi amepungukiwa kipande cha ua ambacho angekisakafia tu, na wote 70 wamepata msitu mdogo, kivuli, mahali pa watoto kucheza, na mafuriko yamepungukiwa na nguvu. Makalavati machache, kifusi kidogo, kuta chache za kuzuia udongo. Na niambieni ukweli: kiwanja kinachotazama miti kinauzwa bei gani, na kiwanja kinachotazama uchi wa udongo mwekundu kinauzwa bei gani?

Huko Marekani mtaalamu mmoja wa mipango ya ardhi, Randall Arendt, aliuandika utaratibu huu kwenye kitabu cha mwaka 1996, naye anaupanga kwa hatua nne. Kwanza tambua vitu vya kuhifadhiwa na uvizungushie mstari. Pili, weka nyumba mahali zinapofaa. Tatu, unganisha nyumba kwa barabara na vijia. Mistari ya viwanja ndiyo inachorwa mwisho kabisa. Niliposoma hatua hizo nilirudi moja kwa moja kwa Yoshua. Sisi tunaanza na hatua ya nne, na mara nyingi hatufiki popote zaidi ya hapo, kama fundi cherehani anayekata kitambaa kabla hajampima mtu.

Tena si Yoshua peke yake. Someni Hesabu 35. Mungu anawapa Walawi miji 48, na hapohapo anaagiza kila mji uzungukwe na malisho, akiyapima kwa dhiraa upande wa mashariki, kusini, magharibi na kaskazini, mji ukiwa katikati. Kisha mrudi Walawi 25, mstari wa 32 hadi 34. Nyumba za Walawi zaweza kuuzwa na kukombolewa. Malisho yanayoizunguka miji yao hayauzwi. Hayauzwi! Ndani ya Torati mna ardhi ya pamoja iliyotolewa kabisa sokoni. Ndugu zetu Waislamu nao wanalijua jambo hili: Mtume Muhammad alilitenga bonde la Naqii karibu na Madina liwe hima, eneo la hifadhi, na wanazuoni wa fiqhi wanafundisha harimu ya kisima, ule mzunguko unaoachwa wazi ili maji yasidhulumiwe. Pwani ya Kenya Wamijikenda walizitunza kaya zao, misitu ambayo mababu walikataza isiguswe, na mwaka 2008 UNESCO ikaitambua baadhi ya misitu hiyo kuwa urithi wa dunia. Mababu wale hawakuwa na kompyuta wala picha za droni. Walikuwa na miiko, na miiko ikatosha.

Hapa lazima niseme neno na walokole wenzangu. Msiung'oe mbuyu kwa sababu zamani palifanyiwa matambiko. Mti haukutenda dhambi. Mungu aliuotesha kabla mganga wa kwanza hajaufikia, na kivuli chake kinafaa kwa ibada ya Jumapili kama kilivyofaa kwa baraza la wazee. Mti wa ukubwa ule umechukua vizazi, na hakuna kitalu katika nchi hii kinachouza mwingine. Mnapokata viwanja, mbuyu uwekwe kwenye njia panda, au kwenye kona ya uwanja wa shule, na mistari iuzunguke. Nimeona mtaa uliofanya hivyo. Bodaboda wanapaki hapo, mama lishe anauza chai hapo, wazee wanacheza bao, na mtu akielekezwa nyumbani kwako anaambiwa hesabu kushoto toka kwenye mbuyu.

Kuna wizi mwingine wa kimyakimya ninaotaka kuutaja. Mchoro unapitishwa ukiwa na eneo la wazi, kijani safi kwenye karatasi. Miaka michache inapita. Siku moja mnaona tofali zimemwagwa pale. Mara ni ukumbi wa sherehe, mara gereji, mara nyumba ya mtu ambaye hakuna anayethubutu kumtaja. Wakazi wanashangaa, wanalalamika kwenye msiba, wanazoea. Isaya aliwaona watu wa namna hiyo katika Yuda, waliobananisha majumba na kumeza mashamba mpaka pasibaki pa mwingine kusimama, naye akatangaza ole juu yao. Katika sura hiyohiyo ya tano anataja ekari 10 za mizabibu zitakazotoa mavuno ya aibu. Ekari 10! Kwa hiyo eneo mnalolihifadhi lisiachwe kuwa mabaki yasiyo na mwenyewe. Lipewe namba yake kwenye ramani, bikoni zake za zege, na matumizi yaandikwe. Kijia cha miguu kipite ndani yake ili watu walizoee na walipende. Wakazi wachague kamati yenye majina, na kila masika wapande miti pale ilipopungua. Eneo linalotembelewa na watoto kila jioni ni gumu kuliiba.

Na likiibwa, msinyamaze. Nairobi, mwaka 1998, watu waligundua kwamba vipande vya msitu wa Karura vimekwisha kugawiwa wajenzi binafsi. Mwanamazingira Wangari Maathai alikwenda na wenzake na miche mikononi. Januari 1999 walipigwa langoni na walinzi wa kukodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Hakurudi nyuma. Wanafunzi wakaingia, makanisa yakaingia, dunia ikatazama. Leo Karura ni hekta zaidi ya 1,000 za miti ndani ya jiji kubwa, na watoto wa mitaa inayouzunguka wanaendesha baiskeli chini ya miti ambayo kwenye karatasi za mtu fulani ilikuwa imekwisha kuwa majumba. Mwanamke yule alikuwa na mche na miguu ya kusimamia. Sisi tunakosa nini?

Mzee mwenye shamba, shikamoo, naanza na wewe. Hawa vijana wanaokuja na gari zuri wanakuambia watapima bure na mtagawana viwanja. Kabla ya kuweka dole gumba, watembeze shambani kwako. Waonyeshe mahali maji yanapopita usiku wa mvua, waonyeshe ulipokuwa ukiwanyweshea mbuzi, waambie mti upi ulikuwepo ulipozaliwa. Ujuzi huo hauko kwenye setilaiti yoyote, uko kichwani mwako, na siku ukizikwa nao umezikwa. Ukiwaambia korongo halipimwi wakakasirika, hao hawakuja kukusaidia.

Mpimaji, chombo chako kinaipata nukta kwa sentimita. Mshukuru Mungu kwa ujuzi huo. Basi karatasi yako ya kwanza iwe na mistari ya mwinuko, mikondo ya maji, chemchemi, mawe makubwa na miti mikubwa, bila kiwanja hata kimoja. Mteja akikuambia hizo ni gharama za bure, mwambie gharama ya bure ni kupima mara mbili baada ya mafuriko. Jina lako linabaki kwenye ramani ile wakati yeye amekwisha kula fedha. Mwenyekiti wa mtaa, muhuri wako ni kiapo. Usiugonge juu ya karatasi inayosema makazi mahali ambapo wewe mwenyewe uliwahi kuvua kambare.

Na wewe mnunuzi, uliye Tabata au Mbagala, au uliye Houston, London au Muscat na unatumiwa video fupi kwenye simu, wewe una nguvu kuliko wote hawa. Video ile imepigwa Septemba. Omba ya Aprili. Mtume ndugu yako aende mvua ikinyesha, asimame kwenye kiwanja dakika kumi. Atazame mimea: matete, mafunjo na mkuyu vinasema maji yako karibu. Atazame mashina ya miti kama yana mstari wa takataka zilizoachwa na mafuriko, na uko juu kiasi gani kutoka ardhini. Amsalimie mama wa nyumba ya jirani na kumwuliza maji ya mwaka jana yalifika wapi. Halafu umwulize muuzaji swali moja: katika shamba hili mmeacha nini ambacho hamkiuzi? Akikosa jibu, usilipe hata awamu ya kwanza. Wanunuzi wakianza kuuliza swali hilo kila Jumapili kwenye kila Coaster, magreda yatajifunza adabu kabla hata ya bunge kukutana.

Sasa nawageukia ninyi, wazee wa makanisa na kamati za majengo, maana hukumu huanzia nyumbani mwa Mungu. Sharika nyingi zina mashamba: urithi wa wamisionari, sadaka ya mjane, eneo lililonunuliwa kwa michango ya shilingi elfu elfu. Mengi yamewekwa kwenye ajenda ya mwaka huu yakatwe viwanja ili kujenga ukumbi au kulipa deni. Sikatazi kuuza. Nawaagiza mkutano wa kwanza ufanyikie shambani, ndani ya masika, miguu kwenye matope. Mwende na wazee, na vijana, na kina mama wanaoteka maji pale, hata kama si washarika. Kila kitu mtakachokiona kiandikwe: kijito na upana wake kikiwa kimejaa, chemchemi, mteremko usiopandika, mti na jina lake, kiota cha ndege juu yake. Karatasi hiyo isomwe kanisani, usharika uitikie, na mpimaji akabidhiwe kabla hajatoa kitu kwenye boksi lake. Ile sehemu isiyouzwa iandikwe kwanza kwenye mchoro. Halafu katika kila mkataba wa mauziano wekeni masharti matatu: mnunuzi hatamwaga kifusi kwenye mkondo wa maji, hatakata mti uliotiwa alama bila kibali cha kamati, na ataacha theluthi ya kiwanja chake bila sakafu ili mvua ipate pa kuzama. Asomewe masharti hayo mbele ya mashahidi, kwa sauti. Anayekataa kutia sahihi, rudishieni fedha yake siku hiyohiyo.